Usiende Perugia na "ciao bella" ya bichi

Dada yangu, kabla hujafunga mizigo, chukua daftari lako na ufute mstari mmoja.

Swali lako nimelisoma lote. Unaenda Perugia, kule Italia, mwezi wa tisa, miezi mitatu ya kusoma Kitaliano. Umesikia kwamba Waitaliano jioni hutoka kutembea, desturi wanayoiita passeggiata, na unataka maneno ya kuzungumza nao huko na nguo za kubeba. Vizuri. Lakini ukamalizia hivi: "Mimi ni mtoto wa Watamu, ciao bella na come stai nimeanza kuzisikia tumboni mwa mama, kwa hiyo kwa mwanzo niko sawa."

La, huko sawa hata kidogo. Na mimi nilikuwa sawa hivyo hivyo, na salamu hizo hizo mbili, "mambo, mrembo" na "u hali gani", zikanikosesha chumba, zikanitoa euro mia tatu na tisini, zikanipa na jina la utani nililotembea nalo hadi siku narudi nyumbani.

Mimi ni wa Malindi, jirani zenu hapo pwani ya Kenya. Sisi Kitaliano hatukukifuata, kilitukuta. Waitaliano walijenga kituo chao cha kurushia setilaiti pale Ngomeni, ile mitambo ya San Marco iliyosimama baharini ikarusha setilaiti ya kwanza mwaka 1967, halafu wakaja watalii, wakaja wenye mahoteli, wakaja wastaafu, na leo hata muuza madafu atakuhesabia chenji kwa Kitaliano. Ni Kitaliano kweli, sikidharau, kimelisha nyumba nyingi. Ila ni Kitaliano cha mtu aliyevaa nguo ya kuogelea. Mtalii yuko likizo, hana kola, hana mama mkwe karibu. Kwake kila mtu ni ciao, kila mtu ni tu, yaani "wewe". Hakuna aliyetuambia kwamba mtu huyo huyo akirudi kwao akavaa shati, ana ulimi mwingine kabisa wa kumsemesha mama wa jirani.

Na mimi sikuridhika na cha bure, nikaenda kukilipia. Shilingi elfu nane kwa mwezi mmoja, kwa jamaa mmoja aliyejiita profesa, darasa chini ya mkungu nyuma ya kibanda cha vinyago. Akanipa karatasi yenye sentensi hamsini. Ya kwanza: Ciao bella. Nikamuuliza, na kwa wazee je? Akacheka hadi akakohoa. "Wazungu hawapendi uzee. Bibi ukimwita bella, umempa miaka kumi." Maneno hayo ninayo mpaka leo, na muda ule ule alioyasema alikuwa anahesabu noti zangu.

Sasa, passeggiata yenyewe. Profesa aliitafsiri "matembezi ya afya", nami nikaelewa ni mazoezi. Siyo. Sisi tunalo neno lake: kupunga upepo. Watu wanaoga, wanabadili nguo, wanatoka barabarani bila safari yoyote, tangu kama saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili, kabla ya chakula cha usiku. (Wao watakwambia le diciannove, saa kumi na tisa, ambayo ni saa moja yetu. Hesabu vizuri usije ukafika watu wameshaketi mezani.) Perugia barabara ya kazi hiyo ni moja tu, Corso Vannucci, yenye jina la mchoraji Pietro Vannucci ambaye dunia inamjua zaidi kama Perugino. Mwisho mmoja kuna kanisa kuu, ngazi zake zimejaa wanafunzi, na mbele yake Fontana Maggiore, chemchemi ya mawe ya karne ya 13 iliyochongwa na Nicola Pisano na mwanawe Giovanni. Mwisho wa pili ni Piazza Italia na bustani ya Carducci, mahali mji unapokatika ghafla na bonde likafunguka chini yako hadi taa za Assisi kule mbali. Kati ya hapa na pale ni mwendo wa dakika tano. Wao wanautembea saa nzima. Wakifika mwisho wanageuka, wakirudi wanageuka tena. Hiyo huitwa fare le vasche, kama muogeleaji anayekwenda na kurudi ndani ya bwawa. Kusini utasikia lo struscio, neno la kuburuta miguu. Jina hilo peke yake lingetosha kunifundisha mwendo, kama ningekuwa na mtu wa kunifundisha jina.

Ukipunga upepo kule Mama Ngina, Mombasa, unatazama bahari. Pale wanatazamana. Nani yuko na nani, mtoto wa nani amerefuka, nani hajaonekana wiki mbili, nani amevaa kiatu kipya na kakitolea wapi. Ni baraza, tofauti ni kwamba hii ina miguu. Mambo ya maana ya mji yanapitia hapo, na mgeni hajui.

Wiki ya kwanza nililala hosteli. Mwanafunzi mwenzangu, Mbrazili aliyekuwa pale mwaka wa pili, akaniambia kuna bibi mmoja mjane, ana chumba kitupu kwenye kichochoro kinachoshukia kutoka Corso, euro mia mbili kwa mwezi na umeme ndani. Mia mbili, juu kabisa mjini! Nikamwambia twende sasa hivi tukagonge mlango. Akasema hapana, kesho saa moja jioni njoo kwenye ngazi za kanisa, bibi hutoka saa hizo, tutakutana naye.

Nikauliza tutakutana naye wapi. Akasema tutakutana naye tu.

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Kwetu posa haianzi na posa. Shangazi hupita kwanza kuomba chumvi, huku macho yake yanamtazama binti jikoni. Ile ilikuwa chumvi, dada. Bibi alikuwa anakuja kuniona ninavyotembea, ninavyosalimia, kama mtu wa namna hii anaweza kupishana naye kwenye korido asubuhi. Mimi nikaenda kama mtu aliyeitwa kukabidhiwa ufunguo.

Nilivaa kaptura ya mpira na ndara, si tunaenda mazoezi. Njaa ikanishika njiani nikanunua pizza ya kipande, ile ya mraba inayokunjwa kwenye karatasi. Sasa vuta picha. Wanawake watatu wanakuja taratibu wameshikana viwiko, a braccetto, yule bibi katikati: koti la buluu nzito, pini ya dhahabu kwenye ukosi, nywele zimetengenezwa siku ile ile. Pembeni yao mzee wa duka la dawa, mikono nyuma. Na upande huu mimi, mafuta ya pizza yanachuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono, natembea kama nawahi matatu ya mwisho.

Mbrazili akafungua mdomo anitambulishe. Sikumsubiri.

"Ciao bella! Come stai? Tutto a posto?"

Na nikapunga mkono. Ule wenye pizza.

Ningependa kusema barabara nzima ilinyamaza, lakini walionyamaza walikuwa wanne, na hao walitosha. Wifi yake wa kushoto alitazama viatu vyangu, yaani vidole vyangu. Bibi hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisimama, akaurekebisha mkanda wa mkoba begani, akasema polepole kama mtu anayeweka sahani ya kauri mezani: "Buonasera." Kisha akanisubiri.

Alikuwa ananipa nafasi ya pili. Naiona leo waziwazi, wakati ule nilikuwa kipofu. Maneno mawili tu yalihitajika, buonasera, signora, yaani habari za jioni, mama, tuanze upya. Mimi nikadhani nimeshakubaliwa. Nikaenda moja kwa moja: "Quanto costa la camera?" Chumba bei gani. Barabarani, mbele ya mawifi, hajaniuliza hata jina. Akajibu, "Vediamo", tutaona, na ujue kwamba vediamo ya namna ile ni "njoo kesho" ya fundi cherehani. Halafu kwa adabu tu akaniuliza, "E Lei, di dove è?", nawe watoka wapi. Na mimi nikageuka nyuma kumtafuta huyo lei, maana kwenye karatasi ya profesa lei ni "yeye", mwanamke. Nyuma yangu kulikuwa na baiskeli.

Bado sijamaliza kujizika. Wakati wa kuagana, saa moja na dakika ishirini, anga bado ina wekundu, watoto wanacheza mpira mbele ya kanisa, nikawaaga kwa sauti: "Buonanotte!" Hiyo ni usiku mwema ya mtu anayekwenda kulala. Watu ndiyo kwanza jioni yao imeanza, mimi nimewafunika shuka. Mzee wa duka la dawa akasema chini chini, "E buonanotte", wenzake wakauma midomo. Nikafurahi, nikajua ameitikia. Kumbe kwao hilo pia ni neno la kufunga kesi: ndiyo basi, yamekwisha.

Yakaisha kweli. Kesho yake Mbrazili akaniletea habari kwamba chumba kimepata mtu. Kilikaa bila mtu wiki mbili zaidi. Nilikuwa nikipita chini yake naona dirisha limefungwa. Nikapanga chini kabisa karibu na stesheni, euro mia tatu na thelathini, ukuta wa upande wa kitanda una ukungu kama ramani ya Afrika. Mia na thelathini zaidi kila mwezi, mara tatu, pigia hesabu mwenyewe. Hapo sijaweka Minimetrò, kile kijitreni cha kupandia kilima, ambacho usiku hulala mapema kuliko mimi. Ukikawia, ni wewe na ngazi. Nilirudi Malindi na mapaja ya mpanda baiskeli, kwa hiyo labda profesa hakudanganya, yalikuwa matembezi ya afya.

Na lile jina. Kesho yake niliingia baa ya kona kunywa kahawa, mhudumu ambaye jana hakuwepo, narudia, hakuwepo, akaniangalia akasema, "Ah, Ciaobella!" Habari ilikuwa imeshapiga vasche mbili tatu peke yake.

Profesa, kama unapita hapa, elfu nane zangu. Asiyejua sina neno naye, lakini wewe ulijua kwamba hujui, na ulinijibu hivyo hivyo. Hujawahi kutoka nje ya mchanga ule, bibi wa Kitaliano uliyewahi kumwona ni yule aliyelala chini ya mwavuli wa makuti, ukaniuzia kwamba wote ndivyo walivyo. Na nyinyi wa video za maneno mia ya Kitaliano kwa dakika kumi, mnaoanza na ciao na kumaliza na ti amo, nakupenda, nanyi mmo kwenye orodha hiyo hiyo.

Sasa nisikilize. Ciao ni mlango wa ndani. Huufungui wewe, unafunguliwa. Yeyote mwenye umri wa kukuzaa, mwenye nyumba, mwenye duka, mwalimu, karani, askari: buonasera. Mwanamke umwongezee signora, mwanaume buonasera peke yake haina ubaya. Na ukiendelea, Lei. Hapa Lei ile ya "yeye" inatumika kwa mtu uliye naye uso kwa uso, kana kwamba unamzungumzia mgeni wa heshima aliyekaa kando yako. Kwa hiyo come sta, wala usithubutu come stai. Ile i moja ya mwisho ndiyo iliyonilaza na ukungu miezi mitatu. Mkubwa ndiye mwenye haki ya kusema diamoci del tu, tuitane wewe. Asiposema, baki hapo hapo, hata yeye akianza kukuita "tu", yaani wewe, kwa kuwa una umri wa mjukuu wake. Ukichanganyikiwa sema salve, iko katikati, haimuudhi mtu.

Kinachoniuma ni kwamba mimi na wewe hatukuhitaji kufundishwa hili. Ungemkuta mama wa mwenzio barabarani ukamwambia "mambo vipi, mrembo"? Nani kati yetu hakula kofi la kisogo kwa kumpita mzee bila shikamoo? Tena cha kuchekesha, ciao yenyewe ilianza kwa unyenyekevu ule ule. Inatoka kwenye Kivenisi, s-ciavo, "mimi ni mtumwa wako". Yetu nayo wazee wanatuambia ni kushika moo, mguu wa mkubwa. Yetu imebaki na uzito wake, yao imechakaa mpaka inaitiwa wauza miwani ya jua.

Maneno mengine uliyoomba yatakuja yenyewe ukishaitikiwa buonasera. Ukisikia facciamo due passi, tutembee hatua mbili, vaa kiatu kizuri, mbili haziwi mbili. Ukitambulishwa, piacere. Ukitaka kupenya kwenye kundi, permesso. Ukiaga jioni, buona serata, na hii ndiyo niliyoihitaji siku ile. Buonanotte waachie mnaolala nyumba moja. Kwenye gelato utaulizwa cono o coppetta, koni au kikombe. Kahawa inywe al banco, umesimama pale kaunta. Ukikaa kwenye meza za nje unalipia na mandhari, mimi nililipia mara moja, nikayatazama mandhari yale mpaka senti ya mwisho.

Mdomo wetu nao una mitego. Ukitaja umri, ho ventidue anni, ikalie hiyo n, ibane kama ya kwenye nne. Ukiitamka nyepesi, ani, umetaja tundu la mwili ambalo watu hawalitaji barabarani, na umedai unayo ishirini na mawili. Na tafadhali usijifunzie Kitaliano kwenye kitabu cha Kiingereza, Kiswahili chako kiko karibu zaidi: nina njaa, ho fame, nina baridi, ho freddo, nina miaka, ho anni. Mimi joto lilinizidi darasani nikasema sono caldo, "mimi ni wa moto", na ni moto wa kitandani huo. Mwalimu alikwenda kufungua dirisha amejiziba mdomo na rejista. Sema ho caldo, nina joto, kama unavyosema kwenu.

Nguo: chochote kilichopigwa pasi, na viatu vinavyofunika vidole. Hawatazami bei, wanatazama kama ulijiangalia kwenye kioo kabla ya kutoka. Hiyo ndiyo bella figura yao, sura nzuri mbele za watu, na mimi nilipiga brutta, ile mbaya. Beba sweta, mji uko juu ya kilima na mwezi wa kumi upepo wa jioni unapenya. Utaona wao sweta wameifunga mabegani hawajaivaa. Sababu sikuipata. Usitembee unatafuna, gelato peke yake ndiyo yenye ruhusa.

Nilirudi Corso baada ya siku nne za kujificha. Shati jeupe, suruali ndefu, mikono mitupu. Nikapunguza mwendo mpaka nikahisi narudi nyuma. "Buonasera, signora." Akatikisa kichwa, akapita. Kesho yake kichwa tena. Wiki tatu ni vichwa vitupu. Halafu jioni moja mvua imenyesha, mawe ya Corso yanateleza, akasimama mbele yangu akatoa kiwiko: "Mi dia il braccio." Nipe mkono, na alilisema kwa Lei, kwangu mimi, mtoto wa miaka ishirini na miwili. Tukapiga vasche moja na nusu. Chumba hakukitaja, nami nilishajifunza kutouliza.

Mwezi wa mwisho akataka kujua kwetu wazee wanasalimiwaje. Nikamfundisha shikamoo, nikamweleza kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa, mkubwa huitikia marahaba. Sehemu hiyo ya pili nadhani upepo uliipeleka Assisi. Kesho yake, mbele ya mawifi, mzee wa duka la dawa na nusu ya Perugia, akaniona toka mbali, akainua mkono wenye glavu:

"Shikamoo!"

Nikanywea. Mwanamke wa miaka sabini na sita ananiamkia mimi. Niitikie marahaba, radi inipige? Nimsahihishe, nimwaibishe mbele za watu wake? Nikainama kidogo, nikasema, "Buonasera, signora."

Akamgeukia mzee wa duka la dawa, akasikitika: vijana wa siku hizi, hata lugha yao wenyewe wameshaisahau.